Mkaja wa Barafu

Mwaka wa sabini, mtawala mpya alipotuita tuliotawanyika turudi kuijenga nchi, Maskati ilikuwa na upungufu wa kila kitu isipokuwa wakubwa. Skuli zilikuwa chache, madaktari wachache, barabara za lami usiulize. Lakini kila ndege iliyotua pale kiwanja cha Ruwi ilishusha mkurugenzi. Mtu aliondoka Dar es Salaam karani, akifika Bahrain ni mhasibu, na akikanyaga Maskati keshakuwa mtaalamu wa fedha. Sijui hewa ya njiani ilitiwa nini. Mtoto wa ami yangu, Muslim, ambaye alikuwa akikaanga samaki na viazi katika mji mmoja wa pwani ya Uingereza, alijitambulisha kuwa mtu wa mambo ya lishe. Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja alikuwa na viazi vyake vya kuficha.

Katika kundi lote hilo alikuwamo mtu mmoja tu aliyesema kweli, na kwa bahati mbaya alikuwa kaka yangu.

Amur alikwenda Uingereza mwaka wa sitini na tatu kusoma. Miezi michache baadaye yakatokea Unguja yaliyotokea, sisi tukakimbilia tulikokimbilia, na fedha za masomo zikakatika. Kurudi hakuna, kula lazima. Akaingia kazi ya reli, kusini ya London, na akakaa humo mpaka alipoitwa na nchi. Akiulizwa kazi yake Ulaya ilikuwa nini, hajikohozi wala hajinyooshi. Anajibu: "Nilikuwa nazuia barafu isikae kwenye reli ya umeme."

Basi hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu watu wa Maskati waliijua barafu, waliusikia umeme, na reli wameiona pichani, lakini vitu vitatu hivyo kuwekwa katika jumla moja waliona ni dhihaka. Ikabidi aeleze. Kwamba kule treni haziendi kwa makaa; pembeni ya reli mbili zinazobeba magurudumu iko ya tatu, nayo imejaa umeme wa kuua ng'ombe. Treni ina kiatu cha chuma kinachoteleza juu ya reli hiyo, kinanyonya umeme, treni inakwenda. Baridi ikija, mvua ikaganda juu ya ile reli, hata ganda likiwa jembamba kama la kitunguu, kiatu hakigusi chuma tena. Cheche za samawati zinaruka, kisha treni inasimama porini na watu tele ndani yake, gizani na baridini. Kazi ya Amur na wenzake ilikuwa kupita kabla ya treni za alfajiri na gari linalomimina dawa ya mafutamafuta juu ya reli. Pasipofikika kwa gari walikwenda kwa miguu, na brashi za waya na vikwangulio vya mpini wa mti. Majukwaani, wanapokanyaga watu, walimwaga chumvi, na barafu ikafa yenyewe.

"Siri yake," alikuwa akisema, na macho yanamng'ara kama anasimulia vita, "ni kuwahi. Barafu huifukuzi ikishakaa. Unaizuia isikae."

Mimi nilikuwa nampenda zaidi akizungumza hivyo. Shangazi yetu Kheiria alikuwa akipiga miayo. Yeye ndiye aliyetulea tangu wazee wetu walipofariki, na katika hadithi nzima aliokota maneno mawili tu, umeme na Uingereza, akayatia mkobani kwa siku ya haja.

Siku ya haja ikaja upesi. Amur alikuwa anamtaka Sayyida.

Hili halikuwa jipya. Walikulia mtaa mmoja Unguja, na kila mtu alijua, pamoja na kuku. Baba yake Sayyida alipotea siku zile za Januari sitini na nne, na mama yake, Bi Shaikha, akampakia binti yake melini akaja naye Oman kwa ndugu yake Yaarub, huku Sib, pwani nje ya Maskati. Tangu hapo Sayyida amekataa wachumba mpaka watu wakaanza kumsomea kama mwenye jini. Lakini safari hii Bi Shaikha alikuwa amechoka. Kulikuwa na mudir mmoja, mkuu wa idara serikalini, mgane wa makamo, mwenye gari na simu ya mezani, aliyekwisha tuma watu. Bi Shaikha alitaka mkwe mwenye cheo, na alisema wazi: mtoto wa Salma akija na lake la maana atasikilizwa, akija na mapenzi arudi nayo. Salma ni mama yetu. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi moja, na nafasi hiyo tulimkabidhi Shangazi Kheiria, ndiye awe mshenga.

Siku ya kwanza tulipokwenda Sib kupeleka posa, wanaume walikaa barazani, sisi wanawake ndani, na pazia katikati. Bi Shaikha akauliza kwa sauti ya kusikika pande zote mbili: "Na huyo kijana, huko alikokuwa, kazi yake nini?"

Shangazi akajiweka sawa, akavuta kanga yake. "Bi Shaikha, nnakwambia wallahi, mie hata kulitamka nnaona haya, watu watasema nnajisifia. Amur alikuwa Mkuu wa Barafu na Umeme katika reli za Malkia."

Nilichungulia upenyoni mwa pazia nikamwona kaka yangu anafungua mdomo, kisha anaufunga. Yaarub, ambaye tangu Septemba alikuwa amepewa meza serikalini kwa shughuli ambayo bado haijaamuliwa, akamgeukia kwa heshima kubwa.

"Sasa ustadhi," akasema, "treni ya kwenda Nizwa unaona tuanze lini?"

"Nizwa?" Amur akasema. "Barafu haiko Nizwa."

"Ndiyo maana nnakuuliza weye," Yaarub akajibu, na akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Asiyekuwa wa kwetu atauliza kwa nini Amur hakusema ukweli pale pale. Kwetu, mshenga ndiye mdomo wa mwoaji. Ukimkanusha mbele za watu umeivunja posa kwa mkono wako mwenyewe. Atajifunga kanga yake atoke, na hakuna atakayemlaumu. Tena huyu hakuwa mshenga tu, alikuwa ndiye mama. Sikio halipiti kichwa. Basi sikio likatulia, na kichwa kikaendelea kusema uongo.

Bi Shaikha alifikiri kidogo, kisha akataja anachotaka. Mahari hakuyapandisha. Ila mkaja, ile haki ya mama kwa mimba na malezi, hakuutaka nguo wala fedha.

"Mkaja wangu nnautaka barafu," alisema. "Siku ya jibu nnataka wanawake wote wa mtaa huu wanywe sharubati ya baridi, gilasi inatoka jasho. Kwa Mkuu wa Barafu hilo si neno."

"Si neno," Shangazi akasema.

Kwa mtu aliyekuja Maskati juzi hili litaonekana dogo. Wakati ule Sib haikuwa na umeme, na barafu ilitengenezwa Matrah, katika kiwanda kimoja karibu na soko la samaki, na samaki ndio waliokuwa wateja wakubwa. Kutoka Matrah hadi Sib ni Landrova kupita Ruwi, kisha njia ya changarawe na vumbi. Huyo ndiye Mkuu wa Barafu: mtu aliyelipwa miaka yote kuiondoa, sasa apose kwa kuileta.

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Amur hakucheka.

"Hamdiya," akaniambia, "nikikosa hili, mwezi huu haumaliziki atakuwa kwa mudir."

Sauti yake ilinitia uchungu.

Siku ya jibu ilikuwa Disemba, katikati ya kile wanachokiita majira ya baridi ya Maskati, yaani wazee wamevaa sweta na jua linawachoma ndani ya hizo sweta. Amur alikwenda kiwandani mwenyewe asubuhi, akachagua mapande ya barafu yasiyokuwa na ufa. Akayafunga kwa magunia makavu, akaongeza majamvi, akayapanga nyuma ya Landrova ya Muslim yakabanana, bila nafasi ya hewa. Aliijua barafu bwana, hata kama aliijua kama askari anavyomjua mwizi. Akatuambia: "Mtu yeyote asifungue mpaka Sib. Ikikaa hivi, itafika."

Na ingefika, wallahi ingefika. Lakini Muslim, mtu wa lishe, alikuwa na gunia la chumvi ya mawe nyuma mle mle, anawapelekea watu wa Sib wanaokausha papa. Na karibu na Khuwair, pasipokuwa na kitu siku zile ila miti ya miiba na mbuzi, tukapata pancha.

Amur na Muslim wakaingia chini na jeki. Mimi nikashuka kujinyoosha. Shangazi akabaki nyuma na barafu. Naye hakuwa mtu wa kukaa na kitu kilichofungwa asikifungue. Hata maiti angeifunua kuona kama imetulia. Nikamsikia anaguta: "Khaa! Linatoka jasho! Linaanza kuharibika!"

Nilipofika nyuma ya gari magunia yalikuwa wazi. Shangazi amekunja mikono ya kanzu, gunia la chumvi amelipasua, anaipaka barafu chumvi kwa viganja viwili. Alisugua juu, akasugua ubavuni, akatia na katikati ya pande na pande, vile vile alivyosugua papa na nguru maisha yake yote. Alikuwa na ile raha ya mtu aliyefika kwenye kazi anayoiweza.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nnafanya ambalo nyie wasomi hamkulifikiria. Kila kinachooza hutiwa chumvi."

Amur akatoka chini ya gari, mikono imejaa grisi. Akaona. Sijapata kuona uso wa mtu ukimwaga rangi namna ile. Alikuwa anaitazama kazi yake ya misimu sita ya baridi, inafanywa kwa bidii na mwanamke ambaye hajawahi kuona theluji, juu ya mkaja wake.

"Shangazi," akasema taratibu, "chumvi..."

"Chumvi nini?" Shangazi hakugeuka. Njia ilikuwa na watu sasa. Wachunga mbuzi wawili wamesimama wanatazama, na nyuma yetu gari jingine limesimama, wamo wanawake wa Sib wanaokwenda shughuli hiyo hiyo. "Weye ndiye utakayenifundisha mie chumvi? Nani kakulea?"

Wale wanawake wakasogea wasikie jibu. Kama Amur angesema neno hapo, Shangazi angeshuka, angesimamisha gari la kurudi Matrah, na posa ingefia Khuwair kati ya mbuzi.

"Weye, Shangazi," Amur akasema.

"Basi."

Nilimvuta pembeni nikamnong'oneza kwa hasira: "Unajua itakavyokuwa! Mwambie!" Akanitazama akasema kuwa akimwambia hana mshenga, na asipomwambia hana barafu, na kati ya hivyo viwili barafu huenda ikabaki kidogo. Nikamwambia yeye ni mjinga. Akakubali. Kisha akarudi kufunga gurudumu, na alifunga zile nati kwa nguvu ambazo gari halikuzihitaji.

Kutoka pale Landrova ilikwenda inavuja. Maji yalichuruzika nyuma yetu njia nzima, na Shangazi, aliyekuwa anayaona, alisema ni uchafu unatoka.

Tulipofika Sib palibaki vipande vya kadiri ya ngumi ya mtoto, vinaelea ndani ya maji ya chumvi yanayonuka gunia, na gunia linanuka papa wa mwaka jana. Amur alitaka vimwagwe. Shangazi akasema Mkuu wa Barafu hawezi kuingia mikono mitupu, akavisomba vyote, pamoja na maji yake, akavitia kwenye majagi ya sharubati ya ukwaju kabla sijamfikia. Mimi nilikimbia, lakini mwanamke yule akiamua kuaibisha ukoo ana mbio za swala.

Gilasi zikagawiwa. Uwanja mzima wa wanawake, wamevaa dhahabu zao, wameinua mikono pamoja ili kila mmoja aje aseme alikunywa. Wakanywa. Sina maneno ya kuzieleza zile nyuso zote kwa pamoja. Mmoja alimeza kwa sababu alikuwa mkwe wa watu na hana hiari. Wengine wakatazamana. Kikongwe mmoja pembeni akasema, "Ina samaki?"

Bi Shaikha aliionja yake, akaiweka chini. Sayyida alikuwa nyuma yake, karibu na mlango wa ndani, na ameshika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. Alinitazama mimi. Nikaangalia mkeka.

"Kheiria," akasema Bi Shaikha.

"Bi Shaikha, maji ya Matrah siku hizi..."

"Sikukuuliza." Akaligeukia pazia. "Amur. Nijibu weye mwenyewe, mshenga wako apumzike. Kazi yako Ulaya ilikuwa nini?"

Kwa kuwa aliyeuliza ni mwenye nyumba, na kwa kuwa ameulizwa kwa jina, hata Shangazi hakuwa na la kusema.

"Nilikuwa naondoa barafu, bi mkubwa," sauti ya Amur ikatoka nyuma ya pazia. "Kwenye reli. Kwa mafuta na brashi. Majukwaani kwa chumvi. Chumvi ndiyo inayoiua."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Ulimwona anaitia?"

"Nilimwona."

Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Nilimsikia Yaarub barazani akicheka kidogo puani, kicheko cha mwenye meza. "Kumbe mfagizi," akasema. "Na mie nimekwisha wazungumzia watu habari ya Nizwa."

"Ndiyo, mfagizi," Amur akasema. Sikusikia haya ndani ya sauti yake, na hapo kifua kilinijaa kwa ajili yake.

Bi Shaikha hakucheka. Alikaa anaizungusha gilasi juu ya mkeka. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mkurugenzi Maskati nzima aliyewahi kuulizwa.

"Na kazi hiyo, ukiifanya vizuri, kunatokea nini?"

"Hakutokei kitu, bi mkubwa. Watu wanapanda treni, wanakwenda kazini, jioni wanarudi kwao. Hakuna anayejua kama tulipita."

"Wanarudi kwao."

"Ndiyo."

"Wote?"

"Siku tulizowahi, wote."

Mkono wa Bi Shaikha ukasimama juu ya gilasi. Aliposema tena sauti ilikuwa ya chini, na alikuwa hasemi na pazia wala na sisi.

"Baba yake huyu alikuwa na cheo," alisema. "Alikuwa na kofia, na muhuri, na dereva. Alikuwa anawajua wakubwa wote wa Unguja, na wote walikuwa wakubwa kweli. Alfajiri ile akavaa kofia yake akanambia, nnakwenda kuona kunani, narudi sasa hivi." Sayyida aliuachia mlango akakaa chini nyuma ya mama yake. "Wakubwa walijaa mji mzima, Yaarub, na kila kitu kikatokea. Miaka yote hii nnamtafutia mwanangu mtu mkubwa. Sijapata kumtafutia mtu ambaye akiwapo, hakutokei kitu."

Yule kikongwe alikuwa analia, na sidhani ni kwa sababu ya ukwaju.

"Soma fatha, Yaarub," akasema Bi Shaikha.

"Dada, kuna yule mudir..."

"Ana simu. Mpigie."

Yaarub, ambaye simu yake mwenyewe ilikuwa bado haijaungwa, alikohoa, akainua mikono, na baraza nzima ikainua pamoja naye. Tulisoma, na posa ikafungwa. Nilipofungua macho nilimwona Bi Shaikha ameichukua tena gilasi yake, ile ya ukwaju na chumvi na papa, mkaja wake alioutaka mwenyewe. Akainywa mpaka chini, taratibu, wala hakukunja uso.

Shangazi Kheiria akatoa jicho moja nje ya kanga. "Unaona?" akaninong'oneza. "Nilisema mie, chumvi haijapata kuharibu kitu."